Foto nne, hadithi moja: kisa cha saini za mastaa wa zamani hapa Nairobi

Hiki kisa nimeruhusiwa kukiandika na watu wawili kati ya watatu wanaohusika. Wa tatu ni broka, huyo sikumuuliza, lakini hakuna kitu hapa kitakachomtambulisha. Majina nimebadilisha, mitaa nimeficha, na kuna staa mmoja ambaye sitamtaja kabisa kwa sababu ukimjua yeye utaijua familia. Bei nimeziacha venye zilikuwa, maana bila bei hakuna cha kujifunza. Naandika kwa mtu yeyote wa huku kwetu anayenunua picha zilizotiwa saini za mastaa wa sinema za kitambo, na pia kwa yule ambaye ako na moja nyumbani ndani ya albamu ya babake na hajui ameshika nini.

## Usuli

Mnunuzi nitamwita Musa. Ni mtu wa ofisini, mtulivu, na amekusanya vitu vya sinema tangu akiwa chuo. Alianza na mabango ya filamu za Kihindi, yale yaliyokuwa yanabandikwa nje ya sinema enzi za Shan kule Ngara na Liberty kule Pangani, alafu polepole akaingia kwa mastaa wa Hollywood, hasa wale waliocheza filamu zilizopigwa huku kwetu. Hapo kwa filamu za huku ndipo lazima nianzie, kwa sababu bila hio sehemu hutaelewa kwa nini mtu makini hivyo alikaribia kutuma pesa akiwa hajaona kitu na macho yake.

Mastaa walikuja huku kweli. King Solomon's Mines ya 1950, ya Stewart Granger na Deborah Kerr, ilipigwa sehemu kubwa Afrika Mashariki. Mogambo ilianza kupigwa mwisho wa 1952 ikaingia 1953, Kenya, Uganda na Tanganyika, mwongozaji akiwa John Ford, na waliokuja ni Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na hata Frank Sinatra alikuja kwa sababu Ava alikuwa mke wake. William Holden naye aliupenda Mlima Kenya hadi 1959 akawa mmoja wa waanzilishi wa Mount Kenya Safari Club pale Nanyuki. Born Free ya 1966 ndio hiyo kila mtu anaijua. Kambi za hizi filamu zilikuwa na madereva, wapishi, wabeba vyombo, watu wa kufua, watu wa mahema, na hao wote walirudi nyumbani na hadithi zao. Kwa hivyo mtu akikuambia hapa Nairobi kwamba babake alimpikia staa wa Hollywood, hio inaweza kuwa kweli tupu. Mkusanyaji wa Chicago akiambiwa kitu kama hicho atacheka. Sisi hatuwezi kucheka, na broka anajua hatuwezi.

Upande wa pili ni huu, na watu wengi huku hawaujui. Staa mkubwa wa miaka ya 1930 hadi 1950 alikuwa anapata barua nyingi za mashabiki kuliko mtu angeweza kujibu. Studio zilikuwa na watu wa kazi hio, kwa hivyo makatibu walitia saini, saini zikachapishwa juu ya picha, zingine zikapigwa muhuri. Mfano unaojulikana sana ni Jean Harlow, mamake alimtilia saini picha nyingi mno hadi leo wakusanyaji wanajifunza mwandiko wa mama ili waweze kuutenganisha na wa binti. Na huyo Harlow ndiye alicheza na Gable kwenye Red Dust ya 1932, ambayo Mogambo ni marudio yake. Hizo picha za katibu ni za zamani kweli, karatasi ni ya wakati huo, wino ni wa wakati huo, kila kitu kiko sawa isipokuwa mkono. Yaani hata ukipata kitu cha zamani mia kwa mia bado hujamaliza kazi.

## Yaliyotokea

Broka mmoja wa vitu vya zamani, ambaye Musa alikuwa ashanunua kwake mabango bila shida yoyote, alimtumia picha nne kwa WhatsApp. Ya kwanza Clark Gable, inchi 8 kwa 10, saini ya buluu chini kulia. Ya pili Ava Gardner, saizi hiyo hiyo, saini nyeusi nene. Ya tatu Grace Kelly, ndogo saizi ya postikadi. Ya nne ilikuwa foto ya kawaida ya familia, ndogo, na mpaka mweupe, yule staa nisiyemtaja amesimama kando ya lori pamoja na wanaume wa kambini, na nyuma kuna maneno ya mkono na saini. Hii ya nne ilikuwa imelaminetiwa. Ya Gable iko kwa fremu mpya nyeusi.

Hadithi ilikuja kwa voisi. Mzee mmoja, sasa marehemu, alikuwa mpishi msaidizi kwenye kambi ya Mogambo, mastaa wakampenda, na siku ya kuondoka kila mmoja akamtilia saini picha. Binti yake sasa anauza. Bei ya jumla shilingi 240,000: Gable 110,000, Ava 80,000, Kelly 50,000, na ile foto ndogo atapewa bure juu yake "kama ushahidi". Kuna mtu wa Mombasa anazitaka, kwa hivyo Musa atume dipoziti ya 40,000 kwa M-Pesa jioni hio hio zishikiliwe. Na kuna cheti cha uhalisi, chenye muhuri wa dhahabu.

Musa alinipigia. Nilimwambia asitume kitu, na kusema kweli alikuwa ameshaanza kusita mwenyewe kwa sababu ya cheti, ambacho kilikuwa na maneno mazuri lakini hakikuwa na anwani, wala namba ya simu, wala jina la mtu aliyekagua. Akamwambia broka atakuja kuziona mchana. Mtu wa Mombasa hakusikika tena.

Tulienda na vitu viwili. Lenzi ya jicho kama ile ya fundi wa saa, na taa ya kukagua noti feki, zile za mwanga wa zambarau zinazouzwa Luthuli Avenue. Kelly ilijulikana haraka. Ukiweka lenzi juu ya saini na uinamishe picha kwa mwanga wa dirisha, wino wa kalamu unakaa juu ya ule ung'avu wa foto na unaona mstari wake ukikatiza mng'ao. Hapa hakukuwa na mstari wowote, mng'ao ulipita juu ya saini bila kukatika. Saini ilikuwa ndani ya picha, ilichapishwa pamoja nayo. Hizi ni postikadi za mastaa zilizokuwa zinauzwa Uingereza na kwenye makoloni yake, jarida la sinema la Picturegoer lilitoa nyingi sana, na baadhi zilikuja na saini ya kuchapishwa. Ni kitu halisi cha miaka ya 1950 na ni kizuri, ila Grace Kelly hakuwahi kuishika.

Ava ilikuwa ngumu zaidi. Foto yenyewe ni karatasi ya zamani, haikuwaka kwa ile taa, na hio ni dalili nzuri kwa sababu kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hivi viwanda vilianza kuweka kwenye karatasi dawa ya kung'arisha weupe, na dawa hio chini ya mwanga wa zambarau inawaka buluu kali. Isipowaka inawezekana ni ya kabla. Lakini saini ilikuwa ya maka peni. Maka peni za kutia saini zilienea miaka ya 1960, Sharpie yenyewe ilitoka 1964. Hakuna mtu aliyemtilia mpishi saini na kalamu hio kambini mwaka wa 1953.

Gable hatukuweza kuikagua kwa sababu broka alikataa fremu ifunguliwe, alisema itaharibika. Musa akamwambia kwa upole, "Boss, mimi nanunua picha, fremu nitakuachia." Wakavutana hapo. Mwishowe walikubaliana fundi wa fremu aifungue wote wakiwepo, gharama kwa Musa. Ilipotoka, nyuma yake ilikuwa laini, inateleza kama plastiki, na kuna jina la Kodak limerudiwarudiwa kwa rangi hafifu mlalo mlalo. Hio ni karatasi iliyofunikwa plastiki pande zote mbili, ile ambayo studio zetu za mtaani zilitumia miaka yote ya picha za rangi. Karatasi za aina hio zilianza kuingia sokoni mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Clark Gable alikufa Novemba 16, 1960.

Broka hakubishana. Alisema yeye anauza vile alivyopewa. Hapo ndipo Musa akasema kitu ambacho kwangu ndicho kilibeba kisa chote: anataka kumwona mwenye mali, tena sio kwa simu.

Mama, yule binti wa mzee, tulimkuta kwake, mtaa mmoja wa Eastlands, broka akiwa nasi, na alitupokea vizuri sana, chai na mkate. Musa hakuanza na bei. Aliweka zile foto nne mezani akamuuliza, "Mama, kati ya hizi ni gani zilikuwa za mzee?" Mama akachukua ile ndogo ya laminesheni na ile postikadi ya Kelly. "Hizi mbili, kijana wangu. Hii ya msichana baba aliinunua mjini, ilikaa kwa ukuta wetu. Hawa wengine siwajui, sijawahi kuwaona." Alikuwa ameahidiwa 15,000 kwa hizo mbili. Hakujua kwamba hadithi ya babake ilikuwa inauza Gable ya 110,000.

Alafu bila kuombwa akaenda chumbani akarudi na bahasha. Ndani kulikuwa na barua ya kazi ya babake, imetajwa kambi ya filamu na mwaka 1953, na foto zingine mbili ndogo zisizo na staa yeyote, lori lile lile, mpaka mweupe ule ule, na nyuma muhuri wa Velox, karatasi ya Kodak ya zamani. Hizo hazikuwa zimelaminetiwa. Tukaziweka chini ya taa, hazikuwaka. Nikamuuliza kwa nini barua ilitunzwa hivyo, akasema baba alikuwa anaiweka ndani ya Biblia. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na mwanaume mwafrika aliyekutwa bila karatasi wakati huo alikuwa kwa shida kubwa, kwa hivyo barua ya kazi kutoka kwa mzungu ilikuwa kitu cha kulindwa kuliko pesa.

## Maamuzi, na sababu zake

Foto ndogo. Musa aliitaka sana, na angeweza kuipata siku hio. Mama alikuwa na deni la shule ya mjukuu na alishakubali 15,000. Musa akamweleza mbele ya broka kwamba hio ndio foto pekee kati ya nne ambayo angeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote duniani, kwamba ina thamani kubwa kuliko alivyoambiwa, na kwamba asiiuze siku hio, wala kwake yeye. Alinieleza baadaye kwamba hangeweza kununua kutoka kwa mtu aliyekuwa ameanza kuelewa kitu chake dakika kumi zilizopita. Mimi naona alifanya sawa kabisa. Kuna wakusanyaji watasema alikosa bahati ya maisha, na hao ndio wanaofanya familia zifiche albamu zao.

Ava. Hapa kulikuwa na mjadala mrefu kati yetu. Hadithi ya kambini imekufa, sawa, lakini Ava Gardner aliishi London tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi alipofariki Januari 1990, na mtu akiwa na foto ya zamani angeweza kumtumia kwa posta akaisaini na maka peni mwaka wowote hapo katikati. Kalamu inakana hadithi tu, saini yenyewe bado inaweza kuwa yake. Tuliilinganisha na mifano ya saini zake za kwenye mikataba na hundi, kwa sababu hizo ndizo katibu hawezi kutia kwa niaba. Mkono ulikuwa na kasi, herufi hazikutetemeka, mwisho wa mistari haukuwa butu kama wa mtu anayechora. Lakini maka peni inaficha mgandamizo wa mkono, ndio maana waghushi wanaipenda, na mimi sikuwa tayari kusema zaidi ya "inawezekana". Tulifikiria kuituma Marekani kwa wakaguzi kama PSA ama JSA. Ukijumlisha ada, kutuma kwa bima, hatari ya kupotea njiani na ushuru ikirudi, gharama ilikaribia bei ya picha yenyewe. Musa akaamua kuinunua kwa bei ya foto nzuri ya zamani yenye saini isiyothibitishwa, na maneno hayo hayo yaandikwe kwa risiti.

Gable akaikataa, hakukuwa na la kujadili. Postikadi ya Kelly akamrudishia mama.

## Matokeo

Ava ilienda kwa 9,000. Mama alibaki na vitu vyake viwili, na Musa alimlipa kitu kidogo cha heshima kwa kukubali foto na barua ziskaniwe mbele na nyuma na kwa kusimulia habari za babake zikarekodiwa kwa simu, mjukuu akiwa anashika simu mwenyewe. Hayo ni mazuri.

Mabaya ni haya. Baadaye Musa aliiona ile Gable imetangazwa mtandaoni, bei 130,000, ndani ya fremu ile ile, na kando yake picha ya foto ndogo ya mama na hadithi yote ya mpishi. Broka alikuwa bado nayo kwa simu yake. Musa alimwandikia muuzaji aliyeitangaza akamweleza kuhusu karatasi, hakujibiwa, na tangazo likaondolewa likiwa limeandikwa imeuzwa. Mahali fulani kuna mtu ametundika hio Gable ukutani akiamini babake mama wa Eastlands aliipokea kwa mkono.

## Uchambuzi

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni vile biashara yenyewe ilivyopangwa. Foto moja ya kweli iliwekwa pamoja na tatu zingine, ikapewa bei ya bure, na kazi yake ilikuwa kuzisemea hizo tatu. Hii ni mbinu inayofanya kazi sana kwa sababu mnunuzi akikagua ile ndogo anaipata ni safi, moyo unatulia, na huo utulivu anaubeba hadi kwa Gable. Dawa yake ni kutenganisha. Kila foto iulizwe peke yake: karatasi yako ni ya mwaka gani, kalamu yako ni ya mwaka gani, huyu mtu alikuwa hai wakati huo, na ulifikaje hapa. Swali la Musa kwa mama, "ni gani zilikuwa za mzee", lilifanya kazi kuliko lenzi na taa zote mbili, na lilifanya kazi kwa sababu aliuliza kabla ya kutaja ni gani anaishuku.

Kingine ni hio bei ya bure. Sokoni, foto iliyoandikiwa mtu kwa jina, "kwa fulani, na shukrani", huuzwa chini kuliko saini tupu, kwa sababu mnunuzi hataki jina la mtu mwingine ukutani kwake, na kuna hata wauzaji wanaofuta ama kukata majina. Mimi naona huo mtazamo umetuharibia kumbukumbu nyingi. Jina lililoandikwa kwa foto ni kama logbuku ya gari, ndilo linalokuambia ilitoka wapi. Kwa hii ya mama, jina la mzee limeandikwa vile wazungu walivyokuwa wanaliandika, herufi moja ikiwa imekosewa, na limekosewa vivyo hivyo kwenye barua ya kazi ambayo haikuwa kwa broka kabisa. Juu ya hapo, maneno ya shukrani yanakupa mwandiko mrefu wa kulinganisha na barua zinazojulikana za yule staa, wakati saini peke yake inakupa herufi chache tu ambazo mghushi amezifanyia mazoezi. Foto ndogo, haina mwanga mzuri, nusu ya uso wa staa iko kivulini, na hata hivyo ndio yenye nguvu kuliko zote.

Laminesheni ilitutesa. Mama aliipeleka saiba miaka iliyopita kwa nia njema, vile sisi wote tunafanya na vyeti vya shule na vya kuzaliwa. Shida ni kwamba mashine inatumia joto, gundi inayeyuka na kushika uso wa foto, na haitoki tena bila kung'oa picha. Pia ilitufungia ukaguzi, maana plastiki yenyewe iliwaka chini ya taa na tusingeweza kujua karatasi inasema nini. Kama sio zile foto mbili za bahasha na barua, tungebaki na mwandiko peke yake. Ukiwa na foto ya zamani usiilamineti, tafadhali. Iweke kwa bahasha ya karatasi isiyo na asidi ama plastiki ya poliesta, mbali na zile plastiki laini zinazonuka za albamu za bei rahisi, ndani ya boksi, mahali pakavu pasipo na jua. Kama imeshalaminetiwa iache hivyo, usijaribu kubandua wala kuipasha moto, iskani pande zote mbili kwa ubora wa juu na uiweke kwa giza.

Kukataa kutuma dipoziti kulisaidia, lakini nisilikuze sana hilo, maana kila mtu anajua na bado watu wanatuma. Kilichosaidia Musa kushika msimamo ni kwamba alikuwa na kitu cha kusema badala ya "hapana", alimwambia broka atakuja mchana na akataja saa. Broka mwaminifu hana shida na hilo. Vivyo hivyo kwa fremu, hakumwita mtu mwongo, alisema ananunua picha. Maneno ya heshima yalifungua fremu ambayo ugomvi ungeifunga kabisa.

Cheti sikukipa nafasi kubwa na sioni kwa nini mtu akipe. Miaka ya 1990 FBI walipovunja mtandao wa saini feki kule Marekani kwenye ile Operation Bullpen, vyeti vya uhalisi vilikuwa vinatembea pamoja na bidhaa feki. Cheti kina uzito wa mtu aliyekitia saini tu, na hiki hakikuwa na mtu.

Sasa kilichoshindikana. Naamini Gable isingeuzwa kwa urahisi hivyo kama matokeo yangewekwa kwa kundi la wakusanyaji siku hio hio. Musa alinyamaza kwa sababu mbili, aliogopa kushtakiwa kwa kumchafulia mtu jina, na broka huyo ndiye anayewaletea wengi mabango mazuri. Namwelewa. Lakini kulikuwa na njia ya katikati ambayo haikutumika: angeweza kuielezea foto bila kumtaja mtu, karatasi ya aina gani, saini iko upande gani, fremu gani, kwa nini haiwezekani. Foto haiwezi kukushtaki. Na pili, pale mezani kwa mama, wakati kila mtu yuko na kila kitu kimejulikana, broka angeombwa afute ile picha ya foto ndogo kutoka kwa simu yake, mama mwenyewe angemwomba na ingekuwa vigumu kukataa. Hadithi ya mzee ilikuwa mali ya familia kama foto ilivyo, na sisi tulilinda karatasi tukaacha hadithi itembee.

Mama hajauza hadi sasa. Deni la shule lililipwa kwa njia nyingine. Mjukuu amekuwa akiuliza kama skani na nakala ya barua zinaweza kupelekwa Kenya National Archives pale Moi Avenue, ambapo sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, imehifadhiwa, na Musa anamsaidia kuandaa maelezo ya kila foto, nani yuko kwenye picha, wapi, mwaka gani, na nini kinajulikana kwa karatasi na nini kinajulikana kwa mdomo tu, kila kimoja kikiandikwa peke yake.

Gable bado iko nje huko na itarudi sokoni, hizi vitu hurudi. Ni foto ya uso na mabega, nyeusi na nyeupe, inchi 8 kwa 10, saini ya buluu chini kulia, fremu nyeusi mpya, na itakuja na habari za mpishi wa kambini. Ukiletewa, omba fremu ifunguliwe na uguse nyuma yake na kidole. Ikiteleza na uone jina la Kodak limepita mlalo, ni hio.